Shangazi wa mkwe alivyotoka bafuni kwetu Songea na nyayo za kijani

Wakuu, habari zenu. Wakubwa shikamooni.

Kisa hiki ni changu, sijasimuliwa na mtu. Chumvi siongezi, maana chenyewe kimekolea.

Ilikuwa enzi za ruksa. Maduka ya Songea mjini yalianza kujaa vitu ambavyo zamani tulivisikia kwa watu wa Dar tu, zikiwemo rangi za sakafu. Sisi tulikaa Mshangano. Nilikuwa nimemaliza form four, kazi sina, basi kila shughuli ya nyumbani ikawa yangu.

Dada yangu Kandida alikuwa amechumbiwa na kijana wa Madaba. Ukoo wao ulibakiza neno la mtu mmoja tu, shangazi wa kijana. Yeye ndiye angekuja kutuangalia, halafu aseme ndiyo au hapana. Dada alimpenda yule jamaa mpaka chakula hakipiti.

Sasa kwetu mgeni akitoka safari, kabla ya ugali na kabla ya maneno, anatengewa maji ya kuoga. Ndiyo maana Mama hakuhangaika na sebule. Alihangaika na bafu la uani, sakafu yake sementi tupu, imepauka na mabaka juu.

Akanituma mjini nikalete rangi ya kijani.

Hapa ndipo penye kisa. Mama zetu wa enzi zile mnawajua. Sakafu isipopigwa polishi Jumamosi, kwao hiyo nyumba haina mwenyewe! Nikiwa mjini, Mama akaona aibu rangi mpya ikae kwenye sementi isiyong'aa. Akalipiga bafu zima polishi, akasugua mpaka likateleza.

Niliporudi nikamsifia. Wakuu, nani alijua kwamba rangi na polishi ni paka na panya? Nikapaka kwa mbwembwe huku naimba.

Kesho yake ilikuwa bado inanata. Mama akasema ni ubaridi wa milima ya Matogoro, itakauka tu. Kweli, siku ya mgeni juu ilikuwa imeweka ngozi safi, tukafurahi.

Shangazi akafika, mama mnene, maneno machache, macho makali. Tukamwamkia kwa magoti. Akapewa ndoo ya maji ya moto, akaingia.

Tukasikia maji yakimwagika, halafu sauti yake, "Mwe! Jamani!"

Tukakimbilia mlangoni, ila nani aingie? Dada akakaa chini akaanza kulia. Aliona ndoa yake imeoshwa na yale maji.

Mlango ukafunguka. Shangazi kajifunga khanga, miguu ya kijani mpaka kwenye vifundo, vipande vya rangi vimemganda kama maganda ya ndizi mbichi.

Mama akapiga magoti. "Shangazi, utusamehe. Tulitaka uoge mahali pazuri."

"Kumbe mmepaka kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako, shangazi."

Akaangalia nyayo zake. Akaanza kucheka, kicheko cha tumbo zima, mpaka akashika ukuta. Mama naye akashindwa kujizuia.

Baba akaja mbio na kitambaa chenye mafuta ya taa. Shangazi akamkataza.

"Acha! Madaba wataniuliza nilipokelewaje. Nitawaonyesha miguu."

Kisha akamgeukia dada. "Na wewe nyamaza, mwanangu. Watu walionipakia rangi hata pa kukanyaga, mtoto wao nitamkataaje?"

Wakuu, nilifurahi kama naolewa mimi!

Nilichojifunza: sementi ya bafu isuguliwe kwa sabuni, ikauke kabisa, na polishi isiikaribie. Na ukipata mkwe anayecheka kwenye aibu yako, usimwache.

Haya, na kwenu mgeni aliharibikiwa na nini? Mwageni visa hapo chini. Dada Kandida yupo hapa kwangu anasubiri kusoma comments, shemeji ndiye anamshikia simu, miwani wanagawana.