Koti la Mvua la Rangi ya Udongo

Duka la kwanza nililoingia Mbeya mjini, lile linalouza vitu vya wapanda milima, koti la mvua lilikuwa na bei ya mbuzi. Nilikigeuza kikaratasi cha bei nikidhani nimekisoma vibaya. Muuzaji alinitazama kwa upole wa mtu aliyezoea kuona wateja wakishtuka, kisha akalichukua koti lake taratibu na kulirudisha kwenye kiango.

Nilikuwa naenda Mufindi kwa mjomba, kaka yake mama, anayelima mahindi na viazi nje kidogo ya Igowole. Nguruwe pori walikuwa wanamaliza mahindi yake yakiwa bado mabichi, na kwa kuwa bunduki yake ina kibali, alikuwa ameruhusiwa kuwawinda pamoja na majirani. Nilimwomba nifuatane nao, kisha nibaki nitembee siku chache milimani na hema langu mgongoni. Alikubali, ila akaniambia kwenye simu, "Mvua ya huku haipigi hodi, mama. Njoo na koti. Tena lisiwe la kulia kama mfuko wa nailoni, maana nguruwe ana masikio kuliko padri."

Kwa hiyo nilihitaji koti linalokunjika likawa dogo, kwa kuwa begi lilishajaa, lisilopitisha maji, lisilopiga kelele, na la bei ya mtu kama mimi. Koti la namna hiyo utalipata kwenye mitumba tu, kama Mungu yuko upande wako.

Pale sokoni Mwanjelwa kijana wa mitumba alikuwa amefungua belo la makoti asubuhi hiyo. Alinifundisha kuchagua bila kuacha kuita wateja wengine. Weka kitambaa mdomoni, puliza. Pumzi ikipita, maji yatapita. Geuza ndani, tazama utepe uliobandikwa juu ya mishono. Ukibanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua, achana nalo. Nilipuliza makoti mpaka kichwa kikawa chepesi.

"Dada, utanimalizia upepo wa soko," akasema.

Lile nililolipenda lilikuwa jekundu, jekundu kama ua la mkrismasi. Lilikuwa jepesi, na lilikunjwa likaingia lote kwenye mfuko wake wenyewe, likabaki kiasi cha ngumi. Pumzi haikupita hata kidogo. Nilimpigia mama simu nyumbani Ipogolo kumweleza furaha yangu.

"Rangi gani?"

"Jekundu, mama."

"Jekundu. Uende nalo Mufindi, kwenye mvua. Unataka radi ikutafute porini huko, isijisumbue kuuliza njia?"

Sauti yake ilitoka nje ya simu. Kijana wa mitumba aliisikia, na badala ya kucheka akatikisa kichwa. "Mama kasema kweli. Mimi mwenyewe nauza tu, mvua ikinyesha sivai." Mwanamke aliyekuwa akichambua sweta za watoto pembeni yangu akaongeza kwamba kwao Rungwe mtu akivaa nyekundu wakati wa ngurumo hufukuzwa chini ya mti walipojikinga wenzake. Nilisoma fizikia shuleni. Lakini nimekulia katika nyumba ambamo mbingu zikinguruma vioo hufunikwa kanga, na mkono wangu ulilirudisha lile koti kabla akili haijatoa hoja yoyote.

Lililofuata lilikuwa la madoadoa ya kijani na kahawia, la wawindaji hasa, wa huko ng'ambo lilikotoka. Nililiinua juu kulitazama.

"Shusha, shusha!" Kijana alilinyakua na kulizika chini ya lundo. "La jeshi hilo! Wakikukuta nalo utarushwa kichura mpaka Tunduma. Na mimi utanitaja."

Mwishoni nikachukua la rangi ya udongo. Lilikuwa na kofia pana yenye ncha mbele, kitambaa laini kisicholia, na lilikunjika dogo kuliko hata lile jekundu. Bei ilikuwa ndogo kiasi kwamba niliogopa kuuliza mara ya pili.

Siku ya kuwinda asubuhi ilikuwa kavu. Tulikunywa chai na viazi vya kuchemsha, nikambwagia mbwa wa mjomba maganda na vipande kadhaa, tukatoka na majirani wawili. Nilivaa sweta jeupe. Mjomba alilitazama, akaridhika. Aliniweka kwenye kisiki ukingoni mwa bonde lililojaa miti michanga na nyasi ndefu, akanielekeza nisiondoke hapo. Majirani na mbwa wangeingia bondeni kwa juu wakipiga kelele, nguruwe wangeshuka, yeye angewangoja ng'ambo ya kijito. Alipofika ng'ambo alinipungia mkono, nikampungia.

Ukungu ulikuja kwanza, ukafuatwa na mvua. Haikupiga hodi, kweli. Nilitoa lile koti mfukoni, nikalivaa, nikavuta kofia mpaka kwenye paji la uso, na nikainama kulifunika begi kwa majani. Nakumbuka nilifurahi. Maji yalitiririka juu ya kitambaa kama yanavyotiririka juu ya jani la gimbi, na mimi ndani nilikuwa mkavu, kimya. Nilisikia kelele za majirani zikishuka, na mbwa wakibweka. Yule mbwa wa mjomba alitokea kwenye nyasi akinijia mbio, akanilamba mkono, akaanza kunusa mifuko yangu akitafuta viazi.

Nilipoinua kichwa nilimwona mjomba. Ukungu ulikuwa umepasuka kidogo. Alikuwa amesimama ng'ambo ya kijito, bunduki begani, na mdomo wa bunduki ulikuwa duara. Ndivyo nilivyojua. Bunduki ikielekezwa pembeni unauona urefu wake. Nilichokiona mimi kilikuwa duara dogo jeusi.

Sikupiga kelele. Ningependa kusema nilimwita, au niliomba, lakini nililitazama tu lile duara. Mbwa alitikisa mkia. Duara likashuka polepole, likawa bunduki tena.

Alivuka kijito bila kutafuta mawe ya kukanyaga. Alipofika aliketi kwenye matope, akaikunja bunduki katikati, akachomoa risasi. Ilimponyoka, akaiokota, ikamponyoka tena.

"Vua," akasema.

"Mjomba, mvua inanyesha."

"Vua hilo koti!"

Nikavua. Alilitazama sweta jeupe likilowa, kama mtu anayehakikisha.

"Nilikuwekea alama. Mtu wangu ana sweta jeupe, yuko kwenye kisiki. Nikatazama, mweupe hayupo. Yupo mwingine wa udongo, ameinama, anafukua. Niliona hata masikio yake." Aliigusa kofia ya koti kwa ncha ya kidole. "Kidole kilishaanza kuvuta. Nikajiuliza, mbona mbwa habweki?"

Majirani walitokea wakihema. Mmoja, mtu wa maneno mengi, aliuliza kwa sauti ya juu, "Mzee, nguruwe yuko wapi? Tumekuletea mpaka mlangoni!"

"Nguruwe huyu hapa," mjomba akasema. "Asubuhi amekunywa chai na mimi."

Yule jirani alicheka, kisha akatuangalia usoni mmoja mmoja, cheko likamfia. Akavua kofia yake akiwa mvuani. Tulirudi kwa mstari, mjomba mbele, bunduki ikiwa imekunjwa mkononi na risasi zote akiwa amempa jirani. Kila baada ya muda aligeuka nyuma kunitazama.

Jioni mama alipiga simu. Nilikuwa nimeketi jikoni karibu na moto, na mjomba upande wa pili. Nilidhani ataniomba nisiseme. Alinyoosha mkono akachukua simu yeye.

"Dada. Leo kidogo nimuue mtoto wako."

Alimweleza yote, bila kuruka kitu: kisiki, ukungu, kofia, kidole. Alipomaliza akanipa simu.

"Mama?"

Kulikuwa na pumzi tu kwenye simu.

"Mama, mimi mzima."

"Ongea," akasema. Sauti haikuwa yake. "Usiniambie mzima. Ongea tu, chochote, nikusikie."

Nikaanza kumweleza kilichokuwa jikoni: sufuria ya maharage, kuni mbichi zinazotoa moshi, mbwa aliyelala mlangoni, mke wa mjomba anayesonga ugali. Kila niliponyamaza kuvuta pumzi alisema, "Ee, halafu?" Nikaendelea. Ugali ukaiva, ukapakuliwa, ukapoa mbele yangu, na mimi bado namtajia mama vitu.