Sabina, Rudi Nyumbani

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Mukendo, pale Musoma mjini, ilikuwa marufuku kuitika kabla hujamwona anayekuita. Ukisikia "Nyangi!" unanyamaza, unachungulia, unahakikisha ni mama mwenye mwiko wake na si kitu kingine kilichoazima sauti ya mama. Ndipo unaitika. Sheria hiyo ilikuwa ya Bibi, mama yake baba, na Bibi hakuwa na sheria za mzaha. Shuleni iliniponza sana. Mwalimu anaita majina, mimi nimeinama chini ya dawati namtafuta kwa macho. Waliandika kwenye ripoti kwamba masikio yangu yana tatizo, baba akanipeleka kuoshwa masikio.

Leo mimi ni mama mtu mzima, na riziki yangu ni kupanda jukwaani kuchekesha watu. Kazi hiyo imenifundisha kutoliamini jambo lolote mpaka nilicheke kwanza. Kuna moja tu ambalo nimelicheka miaka mingi na bado silielewi.

Mwaka huo Bibi alikuja kutoka Mugeta, kule Bunda, kumwona mdogo wangu. Mtoto wa kike, wiki tatu, hana jina, analia. Naandika "analia" kwa kuwa sina neno kubwa zaidi. Majirani waliacha kufungua redio, haikuwa na faida. Hospitali walimpima wakasema ni mzima kabisa, na akawaitikia kwa kelele ambazo zilimwamsha mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Kwetu mtoto akilia namna hiyo anatafuta jina. Kuna mmoja kati ya waliotangulia anataka kukumbukwa. Basi bibi wa nyumba huinama juu ya mtoto, akataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na jina ambalo mtoto atanyamaza na kushika ziwa, ndilo lake. Bibi alitaja wa Mugeta wakaisha. Akataja wa upande wa mama. Akataja hata mtu mmoja ambaye baba alisema, "Mama, huyo bado yuko hai, yuko Tarime." Mtoto analia tu.

"Mama, umewamaliza wote?" mama yangu aliuliza.

"Wote," Bibi akasema, na macho yake yakaenda dirishani.

Nilikuwa na miaka kumi. Mtoto wa miaka kumi anamjua mwongo mwenzake.

Siku chache baadaye nikatumwa kuanua nepi, nikakuta kati ya nepi mbili amekaa ndege. Kunguru tunawajua, mwewe tunawajua, na ndege wa ziwani wanaotuibia dagaa wakiwa bado wameanikwa tunawajua kwa majina na kwa matusi. Huyu sikumjua. Wa kijivu kama majivu ya jana, mkia mwekundu kana kwamba amekalia rangi mbichi, na mguuni ana pete ya bati. Aliniangalia kwa jicho moja, kisha akageuza kichwa akaniangalia kwa lile jingine, kama mtu anayekagua noti. Nikamrushia khanga. Akaning'ata kidole, kovu ninalo mpaka leo, lakini nikamshika.

Baba alikuwa fundi baiskeli, na stoo yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Nikamweka humo ndani ya tenga la kuku, nikalifunika gunia. Nilimpa karanga na ubwabwa, na maji kwenye kifuniko cha chupa. Siku ya pili nikamjaribu na pilipili, akaimenya na kuila kama biskuti, wala hakupenga. Nikampenda papo hapo. Siku mbili nzima hakutoa sauti yoyote. Nilidhani ni bubu.

Siku ya tatu, mchana, nikasikia gunia linavutwa nyuma yangu.

"We Nyangi, nani kakupa hiki kitu?"

"Nimemwokota, Bibi."

"Ndege haokotwi kama kifungo. Ndege anatumwaga."

"Alikuwa na njaa."

"Hata mchawi anasikiaga njaa." Akainama, akaiona pete. "Na hii pingu? Ametoroka jela?" Kisha akayaona maganda ya pilipili sakafuni, na uso wake ukakunjamana. "Yuko humu tangu lini?"

"Siku tatu."

"Siku tatu. Na mtoto ndo kazidi siku hizi tatu. Leta kisu."

Sikuleta kisu. Bibi akakifuata mwenyewe jikoni. Nililia mpaka nikamzidi mdogo wangu, na hiyo si kazi ndogo. Alimtoa ndege kwenye tenga kwa kitambaa, akamkandamiza juu ya ndoo iliyopinduliwa, mimi nikaning'inia kwenye mkono wake wa kisu kama nguo ya kuanika. Mama alisimama mlangoni, mtoto kifuani, uso umechoka hata kugombeza hawezi. Alichosema ni, "Mwache Bibi yako, Nyangi. Labda ni kweli."

Hapo ndipo ndege akafungua mdomo. Ikatoka sauti ya mwanaume, mzee, mwenye koo la sigara:

"Sabinaaa! Sabina, rudi nyumbani!"

Mtoto akanyamaza.

Nimesimama kwenye kumbi nyingi, nimepigiwa makofi na nimezomewa, lakini kimya kama kile sijakisikia tena. Kisu kilikuwa chini. Nilizungusha macho uani kumtafuta mwanaume, hayupo. Na kwa sheria ya nyumba yetu, hakuna aliyeitika.

"Sabina! Rudi nyumbani!" ndege akarudia, kisha akakohoa.

"Mama," mama yangu akasema polepole. "Sabina ni nani?"

Bibi alimwachia ndege, akakaa palepale chini kwenye vumbi, yeye ambaye alikuwa hakai bila kupangusa kiti. Akasema bila kutuangalia. Sabina alikuwa mke mwenzake. Babu alikuwa na wake wawili kabla kanisa halijafika kuhesabu. Walipika jungu moja, walilea watoto bila kuuliza yupi wa nani, hadi babu alipokufa na wao wakagombana kwa ajili ya ng'ombe.

Kwetu Mara ukikuta watu hawasalimiani, usiulize kisa, uliza ng'ombe alikuwa wa rangi gani. Huyu alikuwa mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji. Alikuja kwa mahari ya shangazi, binti wa kwanza wa Bibi, kwa hiyo Bibi alimhesabu kuwa wake. Bibi akalazwa hospitali. Aliporudi zizi lilikuwa na pengo: Sabina alikuwa amemuuza kwa dereva mpita njia.

"Alisema alimuuza ng'ombe ili mimi nipate dawa," Bibi akasema. "Sikumwamini. Sikumsalimia tena. Alipokufa nilifunga mlango wangu. Nyumba yake kutoka kwangu ni hatua thelathini. Nilisikiaga nyimbo zote za msiba, nimekaa kitandani."

Ndege alikuwa amepanda kwenye mpini wa jembe anajisafisha manyoya.

"Jina lake niliruka," Bibi akasema. "Nikadhani hataona."

Akainuka, akamwinamia mtoto. "Sabina," akasema, kwa sauti ya mtu anayeonja uji wa moto. Mdogo wangu akageuza uso, akashika ziwa.

Tangu saa hiyo ndege akawa mgeni rasmi. Bibi alimmenyea karanga kwa mkono wake, lakini hakumpa mgongo hata mara moja. Akishamlisha alitoka stoo kinyumenyume kama anayetoka mbele ya mfalme, na siku ya pili akajigonga kwenye baiskeli ya mteja, akaiangusha, akaiomba radhi kwa adabu zote. Alipanga kwamba Jumatatu tutakwenda Mugeta kumwonyesha mtoto kwenye kaburi la Sabina. Alilala usingizi, jambo ambalo mama alisema hakuliona tangu Bibi aje.

Jumamosi walimpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito. Nilibaki mimi na ndege. Ikapigwa hodi. Nikachungulia kwanza, kama sheria inavyotaka: mzee mwenye kofia ya pama, mkononi ana tundu tupu la waya.

"Mjukuu, nasikia hapa kuna kasuku."

Kabla sijajibu, akakohoa. Na kule stoo ndege akakohoa kikohozi kilekile, kama wameazimana kifua.

Jina lake Mzee Magesa, dereva wa malori mstaafu, mkazi wa Mwitongo, kule Butiama. Ndege alimpata Kongo enzi za safari zake. Alikuja Musoma kumwona binti yake, kitasa cha tundu kikafunguka pale stendi. Tulipofika stoo kasuku alimpanda begani na kuanza kumvuta sikio, na mzee akawa anafuta macho huku anamtukana.

Mimi nilikuwa na swali langu moja. "Mzee, Sabina ni nani? Ni mke wako?"

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Mke! Ng'ombe wangu, mjukuu! Kila jioni nikiwafungulia mlango wa zizi wenzake wanaingia, yeye anataka kuondoka. Namwita mpaka koo linakauka. Huyu mshenzi amekariri."

Nikacheka naye. Nilicheka sana, nikashika ukuta. Halafu kicheko kikakwama, maana niliiona Jumatatu. Nilimwona Bibi amekaa vumbini. Nilimwona mdogo wangu akinyang'anywa jina na kuanza upya kutoka yule wa Tarime.

"Nitawasubiri wazee wako niwashukuru," Mzee Magesa akasema, anatafuta pa kukaa.

"Bibi yangu hapendi wageni wanaume," nikamwambia. "Juzi alishika kisu."

La kisu lilikuwa kweli, na nadhani usoni lilionekana kweli. Mzee aliokota kofia, akanishukuru mara mbili akiwa tayari barabarani.

Waliporudi nikasema, "Bibi, ndege ameondoka."

"Ameelekea wapi?"

"Butiama."

Bibi aligeukia upande wa Butiama. "Hakumwita mtu?"

"Hakumwita."

"Basi amemaliza kazi yake," akasema, akaingia ndani kumtafutia mtoto nepi.

Tukaenda Mugeta. Bibi aling'oa majani juu ya kaburi kwa mikono yake, akakataa jembe. Akamlaza mtoto juu ya udongo, akapiga magoti, akasema maneno ambayo sikuyasikia. Mdogo wangu hakulia. Kuanzia hapo alilia kama watoto wa watu, na Bibi mpaka anakufa alimwita "mke mwenzangu", wakawa wanagombana kwa utani kuhusu nani atapika.

Siri niliitunza miaka yote hiyo. Kwa mtu wa aina yangu, kukaa na kichekesho kizuri hivyo mdomoni bila kukitema ni mateso. Tulipomzika Bibi, na machozi yalipokwisha, nikakipeleka jukwaani: mdogo wangu ana jina la ng'ombe, kwa hisani ya kasuku. Watu walianguka kwenye viti. Sabina mwenyewe, muuguzi sasa pale Bunda, alikuwa mstari wa mbele, akacheka kuliko wote. Nikakitumia kila mahali. Kililipa ada za wanangu.

Mwaka jana nikaalikwa Butiama. Asubuhi baada ya onyesho nikafika Mwitongo kuulizia nyumba ya Mzee Magesa, niwape pole na shukrani, maana nilisikia ameshafariki. Mjane wake alinipokea, nikamtajia kasuku, akaninunia kwa sekunde chache, kisha akasema, "Wewe ndiye wa kile kisu." Tukacheka. Akanipa uji. Nikamuuliza, kwa ajili ya kunogesha kichekesho tu, kwa nini ng'ombe apewe jina la kanisani.

"Si jina lake. Ni la yule mama aliyetuuzia. Mzee alikuwa anapita Mugeta na lori, akamkuta. Mama analia, anasema ana mgonjwa hospitali. Mzee akasema, basi ng'ombe tumwite jina lako, siku ukitaka kumwona uje umwite."

Uji ukanipalia.

"Alikuwa wa rangi gani?"

"Mwekundu. Hapa kwenye paji ana jeupe." Akajigusa paji lake. "Hakuzoea hapa. Kila jioni anageuka njia ya Mugeta. Mpaka anazeeka."

Kasuku huiga. Ndege mwenye njaa hutua popote. Mtoto mchanga akisikia sauti ngeni hushtuka na kunyamaza. Dereva anapita Mugeta, ananunua ng'ombe. Kila kimoja peke yake nina jibu lake, na mengine ya kuchekesha. Nikiviweka pamoja, najikuta natoka chumbani kinyumenyume.

Kichekesho nimekiacha. Waandaaji wanakiomba, nawaambia kimechakaa. Kinachoniuma si ndege. Kinachoniuma ni kwamba Sabina alisema kweli kuhusu ile dawa, na mtu pekee aliyehitaji kuyasikia hayo tulishamzika. Nilikuwa na mzee Magesa mlangoni, anatafuta pa kukaa. Nikamfukuza kwa kisu. Angekaa, angeeleza. Au Bibi angesikia "ng'ombe" tu na mambo yote yangeharibika. Sijui, na jambo hilo halina mtu wa kumuuliza.

Mdogo wangu bado sijamwambia. Akija Mukendo likizo, jioni hukaa uani pale palipokuwa na kamba ya nepi, na mimi chakula kikiiva husimama mlangoni na kumwita: "Sabina! Rudi nyumbani!" Haitiki. Bibi alimlea vizuri. Basi nangoja, mwiko mkononi, mpaka ageuze kichwa na kuhakikisha ni mimi.