Ganesha wa Udongo wa Tana

Tukiwa katikati ya mto, dada yangu mkubwa aliniambia, "Usimzamishe. Tumfiche," nami nikakubali. Nilipaswa kukataa pale pale. Lakini nilikuwa nimelewa furaha, na furaha ya namna ile haina masikio.

Siku kumi nzima nyumba ya rafiki yangu ilikuwa kama ya arusi! Alikuwa fundi wa pampu za maji, Mhindi wa rika langu, aliyekaa Garsen hadi akaweza kutania kwa Kipokomo; nami nilimwita Bhai, yaani ndugu kwa lugha yake. Kabla ya sikukuu yao alinijia na kusema, "Ndugu, mwaka huu sitaki sanamu ya plasta kutoka Mombasa. Nataka udongo wenu."

"Udongo wa nini, Bhai?"

"Wa Ganesha, mungu wetu mwenye kichwa cha tembo. Anakuja kwangu mgeni."

Mimi ni mtu wa kanisa, tena naimba kwaya. Hata hivyo mama yetu alikuwa mfinyanzi, na mikono yetu ilianza kuwasha tuliposikia neno udongo. Dada alichimba ule mweusi wa ukingoni usio na chembe ya mchanga. Tukafinyanga tumbo kubwa, masikio mapana, mkonga uliopinda kuelekea kisahani cha vitamutamu. Bhai akakata ncha ya pembe moja.

"Unamharibu!" nikapiga kelele.

"Ndivyo alivyo. Anaondoa vizuizi vya watu, na mwenyewe ana pembe iliyovunjika."

Alipoomba panya miguuni pa sanamu, dada akaacha kukanda. "Panya? Si ndiye aliyemaliza mpunga wangu?"

"Ndiye kipando chake, dada."

"Basi amkalie vizuri, asishuke shambani kwangu!"

Tulicheka mpaka Bhai akakaa chini kwenye matope.

Siku ya kwanza alisoma sala zake, akawasha taa ya samli na kupiga kengele. Akanigeukia. "Jana ulikuwa udongo. Leo ni mgeni." Kila siku palikuwa na maua mekundu na vitamutamu vya nazi na sukari guru, na mimi sikukosa hata siku moja. Siku ya kumi alimuaga kwa sala. Nikamuuliza kwa nini kitu kizuri hivyo kirudishwe majini.

"Mgeni ukimfungia mlango," alisema, "umemfanya mfungwa. Tunampenda, tunamwachilia, mwakani anakuja tena."

Tulimpeleka mtoni kwa tuktuk, watu wakifuata kwa ngoma, nyuso zikiwa nyekundu kwa unga wa rangi. Waorma walisimamisha ng'ombe wao watazame. Magoti ya Bhai hayakumruhusu kuingia mtumbwini, kwa hiyo alitukabidhi mgeni wake. Dada alimpakata, mimi nikapiga kafi hadi ng'ambo ya kona.

Hapo ndipo dada aliposema neno lake. Sisi watu wa mto hatuupi mto kitu kizima. Mafuriko hujichukulia yenyewe: nyumba, migomba, mbuzi. Kinachookolewa majini huwekwa ndani. Nilijiambia ninaokoa. Tukamfunika kwa leso, tukamficha kwenye matete, tukarudi mikono mitupu.

"Amekwenda vizuri?" Bhai aliuliza.

"Vizuri sana."

Akanikumbatia, machozi yakimtoka. Kesho yake nilimfuata mgeni wake, nikamweka rafuni chumbani kwangu.

Miezi mingi baadaye nilishikwa na malaria. Bhai akaja kunijulia hali na bakuli la vitamutamu, akaingia hadi kitandani, akainua macho. Akaliweka bakuli chini.

"Huyu alikuwa hapa siku zote?"

"Nilimwonea huruma, Bhai. Ni kazi ya mikono yetu."

"Ungeniambia wataka wako, tungefinyanga wawili. Huyu nilikukabidhi umrudishe. Nilikuuliza, ukanijibu amekwenda."

Alimshusha, akamfunga kwa shuka langu. Nikamsihi anisubiri nipate nguvu ya kupiga kafi. Akambeba, akatoka. Jirani aliniambia kwamba alishuka mtoni na magoti yake yale, akaingia hadi kiunoni bila kujali mamba, akakaa naye majini mpaka udongo ulipomwishia mikononi.

Mwaka uliofuata hakuja kuomba udongo. Alihamia Mombasa kwa wanawe bila kuniaga, na kila nilipopiga simu haikupokelewa. Amefariki mwaka huu, nami nilisikia baada ya mwili wake kuchomwa kama ilivyo desturi yao. Dada hana lawama. Kafi nilikuwa nayo mimi. Uamuzi ule ulinigharimu rafiki, na hata kumuaga kwa mila zake sikuwahi.