Puli Ndogo

Fundi jirani yetu wa Ng'ambo, hapa Tabora, alizoea kutega sikio kwenye injini kama mkunga anayesikiliza tumbo. Gari lake kuukuu lilikuwa na kipulizi cha kushindilia hewa ndani ya injini. Ili kipulize kwa nguvu zaidi, alikifungia puli ndogo, gurudumu la kuzungushwa na mkanda, aliyoichonga kutokana na chuma cha mashine ya kusaga. Mkanda ukamkata vidole viwili.

"Liache, litakuua!" mkewe akalia. Fundi akavifunga vidole kitambaa, akaendelea.

Inspekta Mwingereza, aliyechoshwa na kelele za gari hilo, akamsimamisha njiani. "Gari hili nimelipiga marufuku. Lizime!"

"Lizime wewe, bwana," akajibu, akakanyaga mafuta. Vumbi likammeza inspekta. Askari walimkuta fundi kwenye stesheni ya reli ya Goweko, petroli imekwisha, ameketi barazani. Akawanyoshea mikono wamtie pingu, huku akicheka.