Sabuni ya Tokuhisa

Tokuhisa alikuwa fundi wa maabara yetu pale Kyoto, mtu wa miaka sitini na mmoja, mkataba wake ukiongezwa mwaka mmoja mmoja. Aliosha vichupa vya kioo tulivyotilia protini ya jicho ili tupime inafyonza mwanga kiasi gani. Mwanga mkali huiharibu protini hiyo. Ule hafifu wa kawaida nao chembe zake huja ovyo, mara zikiwa nyingi, mara chache, kipimo kidogo kikapotea humo. Kwa hiyo tulitumia chembe za mwanga zinazozaliwa pacha ndani ya fuwele: moja inapita kwenye kichupa, pacha wake kando, tunahesabu zote mbili na kulinganisha. Hapo hata upungufu mdogo sana huonekana.

Minegishi, mwanafunzi wa udaktari, alikuwa amepata upungufu wa tatu katika elfu. Tasnifu yake yote ilisimama hapo, na makala ingetumwa Ijumaa.

Jumatano Tokuhisa alitia maji matupu kwenye kichupa alichotoka kukiosha, akapima kuhakikisha mashine iko sawa. Tatu katika elfu, ilhali maji hayakupaswa kufyonza kitu. Akarudia. Tatu.

Akaikumbuka sabuni. Mwezi wa sita sabuni ya zamani iliadimika, akanunua nyingine bila kumwambia mtu. Kichupa kingine, kile cha maji cha kulinganishia, hakikuwahi kuoshwa nayo. Kwa mwanga wa kawaida utando ulioachwa na sabuni hiyo usingeonekana kamwe, na hata sasa aliyeujua ni yeye peke yake. Alikaa hivyo mpaka saa sita mchana, matonge yake ya wali hajayagusa.

"Mzee, leo umefunga?" Minegishi akamtania. "Au mama nyumbani kakutilia tena zile plamu chachu kwenye wali?"

"Dada, ile tatu yako..." Akayasukuma matonge kando. "Ni sabuni yangu."

Minegishi akacheka, kisha akamtazama usoni.

"Usinitanie hivyo, mzee. Tafadhali."

Wakakisafisha kichupa kwa asidi, wakatia protini, wakangoja bila kutazamana. Namba ikashuka hadi sifuri, ikabaki hapo.

"Nani alibadilisha sabuni?" Profesa wetu aliuliza.

"Mimi." Tokuhisa aliinama mpaka paji la uso likakaribia meza. "Nilidhani ni sabuni tu."

Profesa akaifuta makala.

Mkataba wa Tokuhisa uliongezwa. Minegishi alirudia mwaka, na tangu siku ile hamwiti tena mzee; humwita Bwana Tokuhisa.