Mume Wangu na Seloni Yake

Mume wangu alirudi kutoka vita vya Wazungu, ng'ambo kule Seloni, amenenepa. Mimi na mamake tulimpokea pale kivukoni Likoni, mifupa ya shingo imetutoka. Njaa ya miaka ile haikuwa mzaha; tulikula muhogo mchungu hadi midomo ikachubuka. Binti yetu, aliyezaliwa baba yake ameshaondoka, alimtazama akanikimbilia.

Siku ya kwanza nilimtekea maji ya kuoga. Akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Maji ya chumvi haya. Seloni maji ni ya mfereji, baridi, matamu. Hata ng'ombe wa kule hawezi kuyanywa haya."

"Sisi ndio tulioyanywa, bwana," nikamwambia.

Tangu hapo ikawa ndiyo dhikiri yake. Chai yangu, maji ya majani. Nyumba yetu ya makuti, zizi. Kule aliwahi kuugua homa akalazwa kitandani, shuka nyeupe, daktari akimjia asubuhi na jioni. Huku mamake ana kidonda mguuni mwaka wa pili, anakifunga kwa kitambaa cha kanga kuukuu. Alimweleza mamake habari za dawa za kule huku inzi wakitua juu ya kile kitambaa. Mavyaa akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mimi umeniletea ipi, mwanangu?"



Ijumaa moja alivaa koti lake la jeshi na nishani, akavuka kwenda kisiwani. Akaingia mkahawa wa Wazungu, akaketi, akaagiza chai. Kule Seloni, alisema, aliketi benchi moja na askari wa Kizungu, wakawashiana sigara. Hapa mwenye mkahawa hakujisumbua hata kuinuka. Alimtuma mpishi amtoe. Mpishi mwenyewe alikuwa Mdigo mwenzetu. Akamshika kola, akamwambia kwa lugha ya nyumbani, "Toka ndugu yangu, utaniponza," akamsukuma hadi barabarani. Kofia ikaangukia mtaroni. Watu wakacheka, na si Wazungu.

Habari ilivuka kabla yake. Alipofika nyumbani, majirani walikuwa wameshakaa uani kwetu wakingoja kumwona. Aliwapita bila salamu, akaingia jikoni, akaichukua mitungi yangu yote ya maji, akaipasua mmoja baada ya mwingine kwenye jiwe la kizingitini.

"Washenzi!" akapiga kelele. "Mnaishi kama wanyama! Kule mimi nilikuwa mtu!"

Mavyaa alikuwa kitandani pake pa kamba, mguu ameunyoosha. Hakupandisha sauti.

"Kule ulikuwa mbuzi wa Idi," akamwambia. "Mbuzi wa Idi naye hulishwa vizuri kuliko mwenye nyumba. Ukaona unapendwa."

Majirani wakacheka tena. Mume wangu alisimama na kigae mkononi. Nilidhani atampiga mamake. Badala yake aliketi chini, palepale penye maji, koti likalowa.

Aliomba kurudishwa jeshini, wakamwambia vita vimekwisha, hatakiwi. Akapata ukuli Kilindini, kubeba magunia, na ule unene ukamtoka kabla ya Ramadhani. Mavyaa alifariki kwa ule mguu. Kwenye matanga mume wangu alianza kusema, "Lau angekuwa Seloni..." Shemeji zangu wakamwangalia.

Siku moja tulikuwa tunakula. Binti yetu, ambaye kufikia hapo alikuwa amemzoea, alimuuliza bila ubaya wowote:

"Baba, kule kulikuwa kuzuri?"

"Kuzuri sana."

"Basi kwa nini hukukaa?"

Alitafuna tonge lake akalimeza.

"Hawakunitaka," akasema.

Mtoto akamtazama, kisha akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ile ile, "Na huku nani anamtaka?"

Nilimwambia mwanangu ale, chakula kinapoa.