Majani ya Wifi Yangu

Wenzangu huwaonea wivu wake wenza. Mimi mke mwenza sikuwa naye. Mume wangu hakuwa na nguvu ya kupanda ngazi, seuze ya kuoa mke wa pili. Basi wivu wangu wote, na Mungu alinijaalia mwingi, niliuelekeza kwa dada yake, na ulipobaki mwingine nikauhamishia kwenye majani.

Tulikuwa tukikaa Ladywood, Birmingham, juu kabisa kwenye jengo refu la kaunsili, serikali ya mji, mimi na yeye peke yetu. Watoto hatukujaaliwa. Alikuwa dereva wa teksi mpaka maradhi ya neva yalipomshika. Yalianzia machoni, yakashuka miguuni. Ikifika jioni misuli ya miguu ilikakamaa, vidole vikajikunja vyenyewe, naye akauma mto asipige kelele. Vidonge vya hospitali vilimlegeza akili, si miguu. Kilichomsaidia ni mikono yangu. Nikirudi kazini, kwenye makao ya wazee nilikokuwa nikiwaogesha na kuwalisha wazazi wa watu, nilipasha mafuta ya nazi, nikaketi chini, nikamkanda hadi mguu ukakubali. "Njoo," ndilo neno alilokuwa akisema, basi. Hakuna neno la mapenzi nililowahi kuambiwa likanifika kama hilo.

Nasema haya ili ijulikane nilikuwa nalinda nini. Nilikuwa nimechoka, mgongo unauma, vidole vimefura. Lakini dunia nzima palikuwa na mtu mmoja tu awezaye kuufungua mguu ule, na mtu huyo alikuwa mimi.

Kisha wifi yangu akaja kutoka Rotterdam.

Yeye ndiye mkubwa wao. Mama yao alipofariki Mombasa, yeye ndiye aliyemlea mume wangu, akamwogesha, akampeleka chuoni kusoma Kurani, na hakukuacha usahau hilo. Siku ya kwanza aliingia jikoni kwangu, akafunua sufuria yangu, akaangalia, akafunika. Akampikia ndugu yake uji wa mchele kwa tui la nazi, na mume wangu, ambaye kwangu akila vijiko vitatu ameshiba, akalamba bakuli. "Dada, huu ndio uji," akasema. Mimi nimesimama mlangoni na sahani ya biriani inapoa mkononi.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na jembe lake. Alipoona jinsi ndugu yake anavyoteseka jioni, alinivuta koridoni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kule Uholanzi ana jirani, mama wa Kizungu mwenye maradhi haya haya, na kilichomtuliza ni bangi aliyoipanda mwenyewe nyumbani.

"Wifi," nikamwambia, "ndugu yako hajavuta hata sigara. Na sisi ni Waislamu."

"Ni dawa. Mgonjwa ana ruhusa yake mbele ya Mungu."

"Na polisi je, naye tutamwambia hivyo?"

Redio ilikuwa imetangaza kwamba madaktari bingwa sasa wameruhusiwa kuiandika kama dawa, lakini bingwa wetu alikuwa ametwambia, kwa upole, kwamba kwa mgonjwa wetu yeye hawezi. Tukamuuliza mume wangu. "Acheni nijaribu," akasema. "Mwenye miguu ni mimi." Yakaisha.

Wifi akapanda mbegu, miche miwili ikamea ndani ya kabati la nguo, chini ya taa. Kabati lilikuwa langu. Nguo zangu za harusi zikahamia mvunguni. Kila asubuhi nilimkuta wifi ameinama, akiisemesha ile miche, na mume wangu amesogeza kiti chake cha magurudumu hadi mlangoni, wanacheka mambo ya utotoni, ya wakati ambao mimi sikuwapo. Nikiingia, kicheko kinapungua kidogo, kwa adabu. Adabu ile iliniuma kuliko matusi. Watu wa kwetu husema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi sikukonda hata kidogo. Nilikuwa nikila nimesimama jikoni, nikipakua tena.

Maua yalipokomaa yakaanza kunuka, na hapo ndipo nilipohitajiwa. Wifi aliniomba nifukize udi ili harufu isitoke koridoni. Udi naujua. Naupika mwenyewe kwa sukari na marashi na mafuta mazuri, nauweka kwenye chupa uive, na Waswahili wote wa mitaa ya Sparkhill na Sparkbrook wenye harusi hunipigia simu mimi. Basi kila magharibi nikawasha chetezo, nikazunguka nacho. Mama mmoja wa Kikongo, jirani wa chini, alinikuta kwenye lifti akaninusa.

"Mama, kwenu kila siku ni mariage?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Naolewa upya kila jioni."

Ukafika wakati wa kuukata mche wa kwanza na kuukausha. Ilikuwa katikati ya baridi. Jengo lile lilikuwa na heating moja, mtambo mmoja wa joto kwa wapangaji wote. Hatukuwa na swichi wala kauli. Nje mvua ya Birmingham hainyeshi wala haiachi, ndani kwetu jangwa. Midomo ilipasuka, mbao za milango zilipinda, nguo uliyoanika jioni asubuhi ilisimama yenyewe. Wifi alikuwa na mazoea ya Rotterdam, mji wa maji, ambako mwenye kukausha huogopa ukungu. Kwa hiyo alifanya kama alivyoona kule: akaondoa majani yote, akachambua maua moja moja, akayatandaza juu ya wavu, akawasha na feni.

Hazikupita siku nyingi maua yakawa yanalia ukiyagusa. Rangi ilibaki kijani kibichi, na ile harufu nzito ya kabatini ikawa harufu ya nyasi za ng'ombe. Ukilifinya ua linakuwa unga. Wifi akasokota kidogo, akampa. Mume wangu alivuta mara moja akakohoa hadi machozi, akavuta tena akashika koo, na kule kukohoa kukaikaza miguu zaidi.

"Njoo," akasema.

Aliniita mimi. Nikapita mbele ya wifi yangu na bakuli la mafuta, nina furaha ambayo sikujisumbua sana kuificha.

Kosa lake nililiona tangu alipowasha feni. Baridi yangu ya kwanza Ladywood niliacha udi wazi juu ya kabati, ukapasuka, harufu ikaenda zake, nikajifunza. Lakini hakuniuliza. Mtu amefunua sufuria yangu akaifunika bila neno. Mimi nianzie wapi kumfundisha?

Mche wa pili ulikuwa bado. Na siku moja, kabla haujakatwa, mume wangu alishikwa vibaya kuliko siku zote. Nilimkanda goti kwenda chini, nikarudia, nikapasha mafuta upya, nikamkanda kwa viganja, kwa viwiko. Mguu ulikuwa ubao. Jasho lilinitiririka, na kadiri nilivyosukuma ndivyo alivyozidi kukunja uso.

"Basi," akasema. "Acha. Waniumiza."

Hakuwa amewahi kuniambia hivyo. Nikainuka nikaenda jikoni, nikafungua mfereji maji yatiririke tu. Wifi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mche wa pili mbele yake kwenye kopo, makasi mkononi. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Wifi, nisaidie," akasema. "Nikiukausha huu kama ule, sina mwingine. Na udi wako hapa haukauki, nimeona. Wafanyaje?"

Nilimwangalia. Nilitaka aombe tena, na akaomba tena. Nami nilikuwa bado nasikia lile neno, waniumiza, na chumbani mume wangu anahema kupitia meno.

"Kwanza weka hayo makasi chini," nikamwambia.

Tukakata matawi mazima, na majani yake, kwa kuwa majani hukunjamana yakayafunika maua, yakayazuia yasikimbiwe na maji yake. Nikaleta boksi la maembe kutoka duka la Stratford Road, tukayatundika humo kichwa chini, tukaliweka chooni ambako hakuna joto jingi. Nikalowesha leso zangu, nikazikamua, nikazitundika pembeni, zisigusane na boksi, ili hewa ya humo inywe maji ya leso isinywe ya maua. Feni nikaichomoa nikaitia mvunguni pamoja na nguo zangu za harusi. Nikirudi kazini kitu cha kwanza ni kulowesha leso. Nikiwa kazini, wifi analowesha. Mara hii nilimwamrisha, naye akatii.

Vijiti vya yale matawi vilipoanza kukauka, vinapinda lakini vinatoa mlio mdogo, nikatoa chupa zangu za achari, nikazisugua hadi harufu ya ndimu ikatoka, tukajaza maua, tukafunika. Kila siku tunafungua kidogo yapumue, tunafunika tena. Udi nao ni hivyo hivyo: uufunge ujinuse wenyewe, uufungue usije ukaoza. Wifi alitaka ampe ndugu yake mapema, nikamkatalia. Ile harufu ya nyasi ikaenda polepole, ikaja nyingine, ya ndani, tamu. Tulikuwa tunanusa chupa moja pamoja, vichwa vimegusana.

"Kama udi wa bi harusi," akasema, na mimi nikacheka, na kwa dakika ile nilimpenda. Kisha sauti ikatoka chumbani, "Dada!", akakimbia yeye, nikabaki na chupa.

Siku tuliyompa, hakukohoa. Alivuta kidogo, tukamtazama miguu sote wawili kama watu wanaosubiri maziwa yachemke. Nikaviona vidole vyake vikifunguka kimoja kimoja, na hakuna mtu aliyevigusa. Miaka yote ile nilikuwa nikivifungua kwa jasho langu.

"Dada," akasema, macho yamelegea, "hii umeifanyaje?"

"Si mimi. Ni mkeo."

Hata ukweli wangu nilipewa na yeye, kama sadaka. Mume wangu alinishika kiganja, akakibusu. "Basi mikono yako nayo ipumzike," akasema. Nikajibu alhamdulillahi, na ilikuwa ya kweli, ila nusu yake tu. Nusu ya pili nilikwenda nayo chooni, nikazikamua leso ambazo tayari zilikuwa kavu. Mke mwenza sikuwa naye, nikajiozea mmoja kwa mikono yangu, nikamweka kwenye chupa zangu za achari.

Wifi alirudi Rotterdam kabla ya majira ya joto. Tuliagana vizuri, alilia, nami nikalia, na nilipofunga mlango nilihisi nyumba imerudi kwangu. Nikadhani na lile neno, njoo, litarudi. Halikurudi. Nilikuwa nikifika jioni namkuta ameketi, miguu imenyooka, anasikiliza mpira redioni. "Kaa, pumzika," ananiambia. Na baada ya kupumzika, ni mimi niliyekuwa nikizifungua zile chupa zipumue, kwa kuwa nikiziacha zitaharibika naye ataumia. Nilikuwa nikizinusa nikizichukia.

Siku moja nikamwambia, "Hata kama miguu haikuumi, niite."

Akacheka. Alidhani natania.

Sijui alilifikiria lini. Lakini jioni moja baadaye nilikuwa ndiyo kwanza naingia, koti bado mwilini, nikamsikia kutoka chumbani: "Njoo." Niliacha mfuko wa mboga sakafuni. Nilipasha mafuta haraka hata nikajiunguza, nikaketi chini mahali pangu, nikaushika mguu.

Ulikuwa laini kama unga wa chapati uliokwisha kulala. Hapakuwa na kitu cha kufungua. Nikainua macho: amefumba yake, ameuma ncha ya mto, na nilipokaribia pale ambapo siku zote palikuwa panamuuma, akaguna. Mume wangu hajui kuongopa, hata akiwa kijana hakujua. Aliguna mapema kidogo, kabla vidole vyangu havijafika. Nikainamisha kichwa nikamkanda, goti kwenda chini, muda mrefu kama zamani, naye akaendelea kunigunia.